Mwanangu, Maneno Nayatoa Wapi

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza: "Mama, MC akikushtukiza na maiki, maneno unayatoa wapi?" Najua swali limetokea wapi. Kwenye sendofu ya binti wa shangazi yako kule Rau uliinuliwa useme kwa niaba ya makaka, ukaishukuru kamati mara tatu kisha ukakaa.

Nikutoe wasiwasi: pale ukumbini situngi kitu. Ninayoyasema nimeshayasema, jumuiyani, jikoni, kwenye daladala na jirani. Maiki inanikuta nayo.

Wewe unampenda yule mchungaji wa Marekani, Martin Luther King. Tarehe 28 Agosti 1963, Washington, alipanda jukwaani na hotuba iliyoandikwa, na habari ya ndoto haikuwemo. Waliokuwa karibu naye walisimulia baadaye kwamba Mahalia Jackson, mwimbaji wa Injili, alimpazia sauti awaambie watu ile ndoto. Akaiacha karatasi, akaendelea bila kusoma. Watu husema alishukiwa na Roho. Mimi ni Mkristo, sibishi. Lakini Juni ya mwaka huohuo alikuwa ameshaihubiri ndoto hiyo Detroit. Na huyo Mahalia angeidaije kama hakuwahi kuisikia?

Nikienda msibani au harusini, njiani najiuliza: wakiniinua, nitasema nini nilichokiona kwa macho yangu? Kimoja tu. Tulipomzika yule mama wa ndizi pale Mbuyuni, wote waliotangulia walisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Mimi nikasimulia daftari lake la madeni. Januari ikifika, ada za shule zimebana kila mtu, alikuwa analitandikia kanga na kulikalia. Mteja akianza kuomba radhi kwa deni lake, anaambiwa, "Daftari lenyewe sijui limeenda wapi, chukua ndizi uende." Watu walicheka palepale kaburini, halafu wakalia. Kisa hicho nilikuwa nimeshakisimulia kwa baba yako zaidi ya mara moja, hadi akanichoka.

Ukiinuliwa, usianze na "mimi sikujiandaa". Wanajua, MC kakushtukiza mbele yao. Sema "itifaki imezingatiwa" taratibu, kama wazee. Unadhani wanaipenda bure? Wanavuta muda. Humo ndani ya muda huo tafuta sentensi yako ya mwisho kabla ya ile ya kwanza. Kuanza kila mtu anaweza, kutua ndiko kunakowashinda: "basi niseme tu", "la mwisho", "la mwisho kabisa", na pilau inapoa.

Magoti kutetemeka sina dawa yake. Yangu yanatetemeka mpaka leo, ndiyo maana navaa gauni refu.

Ila majina na hela usikiamini kichwa, hata uwe msemaji namna gani. Nani kachangia nini, nani katoka Marangu usiku na maturubai, hayo yakae kwenye karatasi, na karatasi iwe mkononi. Ukimruka mjomba mmoja kwenye shukrani, hilo utalisikia kila kikao cha ukoo. Kisa kitoke kichwani, orodha itoke mfukoni.

Na uanze kusimulia mambo, mwanangu. Unanipigia simu, nakuuliza kazini kukoje, unasema "kuzuri". Nani alifanya nini? Alisema nini? Akavaa uso gani? Nisimulie mimi kwanza, ukiboronga hakuna anayekurekodi.

Desemba ukija nyumbani kuhesabiwa na ukoo, kuna kipaimara cha mtoto wa kaka yako. Nimeshamwambia MC ana ruhusa ya kukuita. Kama ni kabla ya keki au baada, hapo nimemwachia mwenyewe.

Nakupenda,
Mama yako