Mwanafunzi mwenye kigugumizi: mpe muda wake

Katika darasa la kwanza ninalofundisha, kigugumizi hujitokeza mapema sana, wakati wa kuita majina. Wenzake wanajibu "Nipo!" na kukaa, yeye anakunja ngumi, anapepesa macho, midomo imebana na sauti haitoki. Neno fupi, tena analijua, lakini ni lazima aseme hilohilo, sasa hivi, watu wote wakimsikiliza.

Walimu wenzangu, nyamaza usubiri. Usimmalizie neno. Usimwambie "vuta pumzi" wala "anza upya", maana hapo unamwonyesha kuwa umesikia kukwama kwake, hukusikia alichosema. Mtazame kama unavyowatazama wengine, kisha jibu hoja yake. Darasa zima linakuangalia wewe: ukitulia, nao wanatulia, ukikunja uso, kicheko kinaanzia dawati la nyuma. Anayemwigiza mwenzake mkemee kwa kifupi na somo liendelee.

Kinachowatesa zaidi ni kusoma kwa zamu kufuata mstari wa madawati. Mtoto anahesabu waliobaki kabla yake, moyo unamwenda mbio, na somo lenyewe halisikii. Mimi humwita mapema, au nawasomesha wawiliwawili kwa sauti moja. Wengi wao wakisoma pamoja na mwenzao, au wakiimba, kigugumizi hupungua sana kwa muda ule, na mtoto anaifikia nukta bila kukwama. Lakini usimruke siku zote ukidhani unamhurumia. Naye ana majibu, na anataka yasikike. Kaa naye pembeni umuulize: anapenda anyooshe mkono mwenyewe, au umwite? Hata wa miaka 6 anajua anachotaka.

Wazazi nao tuzungumze nao bila kulaumiana. Wapo wanaoamini mtoto alitishwa, au alitekenywa sana alipokuwa mchanga. Sivyo. Kigugumizi kinatokana na jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi kimo katika ukoo. Kumchapa au kumkaripia kunamwongezea hofu tu. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, na wengi huacha wenyewe. Kikizidi mwaka, au ukiona mtoto ameanza kukwepa kusema, mshauri mzazi aulizie mtaalamu wa tiba ya usemi katika hospitali kubwa ya karibu. Wataalamu hawa ni wachache, kwa hiyo aanze kuulizia mapema.