Swali la lugha: Palestina ya Waingereza, "koloni" au "udhamini"?

SWALI: Nafundisha historia sekondari, Morogoro. Kitabu kimoja kinasema Palestina ilikuwa "koloni la Uingereza", kingine "nchi ya udhamini". Halafu wanafunzi wananibana: Waingereza waliwaahidi Wayahudi taifa, dola au makao? Nitumie neno lipi?

JIBU: Mwalimu, umeuliza mawili, na la pili ndilo lenye miiba. Nianze na jepesi.

Koloni ni nchi iliyotwaliwa ikawa milki ya mfalme wa mbali, kama Kenya kuanzia 1920, ukiacha ukanda wa pwani. Himaya hubaki na mtawala wake, kama Zanzibar ya 1890 na sultani wake. Palestina haikuwa hii wala ile. Waturuki walioitawala waliposhindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Shirikisho la Mataifa liliikabidhi kwa Uingereza, na hati yake ikaidhinishwa Julai 1922, mwezi uleule wa hati ya Tanganyika. Basi "udhamini" tuliouzoea kwetu unafaa na huko. Waambie wanafunzi kwamba Harold MacMichael, Gavana wa Tanganyika, alihamishiwa Jerusalem mwaka 1938 kuwa Kamishna Mkuu. Watauona undugu wa nchi hizi mbili.

Ila mtu akiandika "utawala wa kikoloni" simkosoi. "Koloni" ni hadhi ya kisheria, "-a kikoloni" ni tabia ya utawala, na tabia haikungoja hati.

Sasa miiba. Barua ya ahadi ya Arthur Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwa Lord Rothschild, kiongozi wa Wayahudi wa Uingereza, ya 2 Novemba 1917, haikutaja dola. Ilitumia maneno ambayo ukiyafumua ni "nyumbani pa kitaifa", msemo usio na maana iliyokubalika katika sheria za mataifa, na nadhani ndiyo sababu ulipendwa. Rasimu ya Wazayuni, wafuasi wa vuguvugu la kuwapatia Wayahudi nchi yao, ilitaka Palestina yenyewe iwe makao hayo. Barua iliyotoka ilisema makao katika Palestina. Kihusishi kimoja tu, lakini mwaka 1922 serikali ya London ilikishikilia ikieleza kwamba haikukusudia nchi nzima. Kwa hiyo andika "makao ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina", na hilo "katika" usilidondoshe. "Taifa" halifai: taifa ni watu, nao Wazayuni waliamini taifa wanalo tayari, kilichokosekana ni mahali. "Makazi" nayo iepuke, itachanganywa na vijiji vya walowezi.

Tazama pia namna barua ileile ilivyowataja Waarabu. Haikuwataja. Iliwaita "jamii zisizo za Kiyahudi zilizopo", ikawalindia haki za kiraia na za kidini, haki za kisiasa kimya. Sensa ya 1922 ilihesabu watu kama 757,000, Wayahudi wakiwa kama 84,000. Yaani mwenye nyumba kaandikwa kwenye hati kama "asiye mgeni". Mfasiri asijaribu kupunguza ukali wa "zisizo"; uchungu wa Waarabu umeanzia humo.

Kuna neno jingine lililozua ugomvi, na hili ni letu kabisa: wilaya. Tarehe 24 Oktoba 1915 Henry McMahon, Kamishna Mkuu wa Uingereza nchini Misri, akiwa Cairo, alimwahidi Sharifu Hussein, mtawala wa Makka, uhuru wa nchi za Waarabu, isipokuwa sehemu zilizo magharibi ya "wilaya" za Damascus, Homs, Hama na Aleppo. Sisi tukisikia wilaya tunafikiria kipande cha mkoa. Katika utawala wa Waturuki, wilaya ndiyo mkoa wenyewe. Katika Kiarabu neno hilo laweza pia kuwa viunga vya mji tu. Ukisoma "mkoa", ule wa Damascus unashuka kusini hadi ng'ambo ya Mto Yordani, na Palestina, iliyo magharibi yake, inatoka nje ya ahadi. Winston Churchill, akiwa waziri wa makoloni wa Uingereza, alishikilia usomaji huo. Ukisoma "viunga", magharibi ya miji hiyo minne ni pwani ya Lebanon na Syria, na Palestina inabaki ya Waarabu. Mimi naona usomaji wa pili una nguvu zaidi, kwa kuwa Homs na Hama hazikuwa na mikoa yao. Darasani acha "wilaya" ilivyo, kisha ueleze.

Mwisho, kosa ninalokutana nalo kila wiki: "Waisraeli walishambuliwa Hebron (mji wa Palestina) mwaka 1929." Kabla ya 14 Mei 1948 hapakuwa na raia wa Israel, basi hao ni Wayahudi. "Wazayuni" ni wafuasi wa lile vuguvugu tu, na wapo Wayahudi walioishi Hebron vizazi vingi kabla vuguvugu halijazaliwa. "Mpalestina" nayo ina mtego: kwa sheria ya uraia ya 1925, Myahudi wa Tel Aviv na Mwarabu wa Jaffa wote waliweza kuwa na pasipoti ya Palestina. Hata sarafu za 1927 ziliandikwa kwa lugha tatu, na upande wa Kiebrania, baada ya "Palestina", zikabanwa herufi mbili kwenye mabano, kifupi cha "Nchi ya Israeli". Waarabu walizipinga. Wanafunzi wakikuletea picha ya sarafu hiyo, fasiri "Palestina", na zile herufi mbili zinakili zilivyo.