Delhi hadi Tokyo: tiketi yasema saa kumi na moja kwenda, sita kurudi

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi hapa Delhi na mwezi Januari nitakwenda Tokyo. Nimesoma kwamba umbali ni kilomita 5,860, na nikigawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa napata saa sita na nusu. Hata hivyo, tiketi inaonyesha kuondoka saa 2:00 usiku na kufika saa 1:00 asubuhi. Kurudi, kuondoka saa 5:30 asubuhi na kufika saa 11:30 jioni. Je, kurudi ni haraka zaidi?

JIBU: Ni kinyume chake, ndugu msomaji. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mji unaoondoka au unaofika, na Tokyo iko mbele ya Delhi kwa saa tatu na nusu (hiyo nusu ya India imewakoroga wengi). Ukizitoa katika zile saa kumi na moja za kwenda, zinabaki saba na nusu. Ukiziongeza kwenye zile sita za kurudi, unapata tisa na nusu, kwa hiyo kurudi kunachukua saa mbili zaidi.

Saa hizo mbili zinaliwa na upepo. Kiasi cha kilomita kumi juu ya ardhi kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi, juu ya Japani, mara nyingi huzidi kilomita 200 kwa saa. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo na kuyafuatilia, kisha mwaka 1926 akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha ambayo wanasayansi wachache mno waliisoma. Chukua upepo wa kilomita 150 tu kwa saa: ndege ya kilomita 900 ikisukumwa nao hupita kilomita 1,000 za ardhi kwa dakika 57 hivi, lakini ikikabiliana nao huhitaji dakika 80.

Hesabu yako ya saa sita na nusu nayo imepungukiwa, kwa kuwa kilomita 5,860 ni za mstari mfupi kabisa, unaopita juu ya Tibet. Marubani kwa kawaida huikwepa njia hiyo, kwani hewa ya ndani ya ndege ikivuja, ndege hulazimika kushuka hadi mita 3,000 hivi ili abiria wapumue, ilhali uwanda wa Tibet wenyewe una wastani wa zaidi ya mita 4,500. Ndiyo sababu safari huzungukia kusini, juu ya Myanmar na kusini mwa China. Aidha, muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoacha maegesho hadi inapoegeshwa tena.

Ukiwa angani, tazama skrini iliyo mbele ya kiti chako: ukikaribia Japani, mwendo juu ya ardhi huenda ukapita kilomita 1,000 kwa saa, na siku ya kurudi, katika anga lile lile, ukashuka chini ya 800.