Kiingereza cha mtihani, anza na Kiswahili unachokijua

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Jumamosi moja alikuja kwangu na kaunta buku tatu, rundo la madesa ya kutoa kopi, na uso wa mtu anayetoka msibani. "Mjomba, mtihani umefika na Kiingereza sijui nianzie wapi."

Nikafungua kaunta buku ya juu. Kurasa sita zilikuwa za istilahi za fasihi, kila moja na maana yake, zote zimenakiliwa kutoka ubaoni. Nikamuuliza, "irony" ni nini? Akafumba macho, akaanza kuitamka ile maana kama anasoma dua, katikati akakwama. Haya, kejeli ni nini? Akacheka. "Si kama bibi anavyomwambia babu 'leo umewahi kweli' akirudi saa sita usiku!"

Nilimwambia afunge daftari, kwa sababu jibu alishalitoa.

Watoto wetu wengi hapa Tanzania wanasoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza, na Kiswahili kinabaki kuwa somo. Matokeo yake, mwalimu wa kipindi cha pili anafundisha tashbihi, wa kipindi cha tano anafundisha "simile", na mwanafunzi anadhani ni mizigo miwili. Ni mmoja. Sitiari ndiyo "metaphor", tashihisi ndiyo "personification", mubalagha ndiyo "hyperbole", na ukisema mtu kaanguka pu! umetumia tanakali sauti, ambayo Kiingereza wanaiita kwa lile jina gumu la "onomatopoeia". Mandhari ni "setting". Dhamira ni "theme", na hapo usiichanganye na ujumbe: dhamira ni jambo linalozungumzwa, ujumbe ni funzo unaloondoka nalo. Wanafunzi wanazichanganya hizi mbili katika lugha zote mbili.

Kwa hiyo tulichora mistari miwili kwenye karatasi. Kushoto neno la Kiingereza, katikati la Kiswahili, kulia mfano wake mwenyewe kutoka nyumbani au mtaani. Mfano wa kitabuni nilimkatalia kwa siku ile. Alipofika kwenye "personification" akaandika kwamba njaa ilimbishia hodi saa nne asubuhi, na hiyo hataisahau.

Kejeli tuliikalia zaidi, maana ina mitego. Kuna ya maneno, kama ya bibi. Kuna ya matukio, ambayo wengi huiita kinaya: kituo cha zimamoto kinaungua. Kwa ile ya maneno nilimtolea tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, pale Antony anaposimama mbele ya maiti ya Kaisari na kurudia mara kwa mara kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua, ni mtu wa heshima, mpaka umati unaanza kusikia kinyume chake. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo, ikatoka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ukipata nakala zote mbili, ya Kiingereza na ya Mwalimu, soma hotuba hiyo moja tu sambamba. Ni somo zima la kejeli na takriri, yaani kurudiarudia maneno, kwa nusu saa.

Sarufi ni habari nyingine. Huko Kiswahili kinakusaidia kwa mkono mmoja na kukupiga mtama kwa mwingine.

Mimi nilipokuwa kidato cha nne nilipata F ya mock, ule mtihani wa majaribio. Insha ilirudi na wino mwekundu kila mstari, na kosa lililoongoza lilikuwa kumwita mama yangu "he". Sikuwa mjinga. "Yeye" yetu haibagui mwanamume na mwanamke, basi kalamu ilikuwa inaokota lililo karibu. Dawa niliyoipata baadaye ni ya kijinga lakini inafanya kazi: ukimaliza kuandika, rudi mara moja kwa ajili ya "he" na "she" peke yake. Kila ukikutana nayo, uliza ni nani huyu.

Ile "s" ya "she cooks" nayo inawatesa watu bure. Hakuna Mswahili anayesema "vitabu kimepotea". Sikio linakataa. Basi mwambie mtoto kwamba Kiingereza nacho kina upatanisho wa kisarufi, ila ni maskini: kwa vitenzi vingi vya wakati uliopo kimebakiwa na hiyo "s" moja, nacho kimeibandika mwishoni badala ya mwanzoni.

Halafu njoo kwenye mitego yenyewe. Sisi tunasema "nimemwona jana" na dunia inaendelea, lakini Kiingereza ukishataja "yesterday" hakitaki "I have seen", kinataka "I saw". Kuazima kwetu ni kutoa na kupokea. Kwao anayetoa ana "lend", anayepokea ana "borrow". Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu. Wao masikio ni ya sauti tu. Ukiulizwa kwa Kiswahili "Hujala?" unajibu "Ndiyo" ukiwa na njaa yako. Kwa Kiingereza "Yes" hiyo maana yake umeshiba, na chakula kitapita.

Makosa ya namna hii usiyasome kwenye orodha ya mtu mwingine, hata hii yangu. Chukua insha zako tatu zilizosahihishwa, hesabu kosa gani limejirudia, andika matano yaliyoongoza nyuma ya daftari. Mpwa wangu alishangaa kukuta kati ya makosa 41, ya nyakati yalikuwa 19. Wiki nzima hatukugusa kingine.

Kuhusu insha nitasema machache. Acheni ule utangulizi wa kukariri. Fasihi ni sanaa inayotumia lugha, tunajua. Msahihishaji ameshausoma kwenye karatasi zote zilizotangulia. Sentensi ya kwanza ijibu swali. Na swali lenyewe lisome lote: likianza na "How far", unaulizwa ni kwa kiasi gani, kwa hiyo kukubali tu bila kupima ni nusu ya jibu. Kwenye kila hoja, itaje, onyesha nani alifanya nini kitabuni, kisha eleza inathibitishaje hoja yako. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo wengi huiruka, wakaishia kusimulia hadithi kurasa mbili. Nilifanya hivyo mimi, tena kwa mbwembwe.

Wala usiandike insha nzima kila siku, utachoka na kuacha. Aya moja yenye hoja moja, kila jioni, kabla ya kushika simu.

Juzi usiku alinitumia ujumbe: "Mjomba, kuna mtu ana daftari langu la fizikia wiki ya pili sasa. Nili-lend au nili-borrow?" Nikamjibu kwamba uli-lend, na kalifuate kesho asubuhi.