Kamisheni ya wakala ianze na saa zako

Kundi langu la kwanza la mafunzo ya mtandaoni lilijaa mapema, tena nikawa narudisha watu. Wiki 8 zilipoisha, sikuwa na pesa ya kumlipa msaidizi wangu. Naandika kwa ajili yako unayeanza kufundisha kwa Zoom na WhatsApp, na tayari unatafuta watu wa kukuletea wanafunzi kwa kamisheni. Mimi wanafunzi walikuja. Kilichoniangusha ni kiwango nilichowaahidi mawakala kabla sijapiga hesabu.

Nafundisha mama lishe, mafundi cherehani na wenye maduka ya mtaani kuandika mahesabu yao. Ada ni Sh150,000. Niliona wanaouza vitabu vya PDF wanampa wakala nusu ya bei, nami nikatoa nusu. Lakini mwenye PDF akipata mnunuzi wa mia, kazi haimwongezeki. Kwangu mimi kila anayeingia ana haki ya kuzungumza nami peke yake mara 4, dakika 45 kila mara. Hizo ni saa 3 kwa mtu mmoja, mbali na kipindi cha pamoja cha kila Jumanne usiku.

Hesabu yenyewe hii hapa. Katika ile 150,000, msaidizi anayesahihisha kazi ana 22,000. Kuchapa daftari la mazoezi na kulituma kwa basi ni 15,000. Makato ya miamala nayaweka 3,000. Inabaki 110,000. Wakala akiondoka na 75,000, mimi nina 35,000, na humo humo natoa bando, umeme na usiku wangu wa Jumanne kwa miezi miwili.

Na huyo ni yule aliyemaliza ada. Waliolipa kwa awamu ndio walionimaliza. Fundi mmoja wa Morogoro alilipa 50,000 za mwanzo siku ya Jumatatu, na jioni ile ile nikamtumia wakala 75,000 zake, nikifurahi kwamba namlipa bila kumzungusha. Wiki ya tatu fundi akawa hapatikani. Hakuwa tapeli, mtoto wake alilazwa, na pesa yote ikaenda huko. Mimi nilikuwa nimeshatoa 25,000 zaidi ya nilichopokea, na daftari limeshafika stendi. Waliokatishwa namna hiyo walikuwa watano.

Siku hizi naanza na saa zangu. Nimeipangia kila saa ya kuzungumza na mwanafunzi 20,000, kwa hiyo kwenye ile 110,000 natenga kwanza 60,000. Inabaki 50,000, na hapo ndipo wakala anapopata chake: 30,000, sawa na asilimia 20 ya ada. Zile 20,000 zinazobaki ni za kuendeshea mafunzo. Usichukue asilimia yangu. Chukua njia, uweke namba zako. Nina pia masomo ya video yaliyorekodiwa, ya Sh25,000, na huko natoa asilimia 40 bila kusita, kwa sababu anayeyanunua haniongezei saa hata moja.

Kamisheni ifuate pesa iliyoingia. Mwanafunzi akilipa 50,000, wakala wake anapata 10,000, na awamu nyingine ikiingia anapata 10,000 nyingine. Nimeona faida ambayo sikuitegemea: mawakala sasa huwapigia wanafunzi simu kuwauliza wanaendeleaje. Mwanafunzi akipewa punguzo akalipa 130,000, asilimia 20 inahesabiwa kwenye hiyo 130,000, yaani 26,000. Mawakala wangu wawili walinilalamikia kwa hili, na walikuwa na haki, kwa sababu sikuwa nimeliandika popote. Narudisha ada kwa anayejitoa ndani ya siku 7, kwa hiyo kamisheni ya awamu ya kwanza inatoka Ijumaa inayofuata baada ya siku hizo kupita.

Jambo lililonisumbua kuliko yote ni kujua mwanafunzi ni wa nani. Mifumo ya nje inategemea linki: mtu akibofya, kompyuta inamkumbuka kwa muda fulani. Amazon, duka kubwa la mtandaoni lenye mpango wa mawakala tangu 1996, kwa kawaida humhesabia wakala manunuzi ya saa 24 tangu mteja abofye. Kwetu mtu anaiona linki kwenye simu ya jirani, anatafakari wiki mbili, anakupigia, kisha analipa kwa lipa namba. Linki haijui lolote. Mawakala wawili waliwahi kunitumia kila mmoja picha za mazungumzo yake na mama lishe yule yule, na wote walikuwa wanasema kweli. Nikawalipa wote, iliniuma lakini sikuona njia nyingine. Tangu hapo kila wakala ana neno lake fupi, na mwanafunzi analiandika kwenye fomu ya kujiunga. Lililoandikwa pale ndilo tunalolifuata, na wakala anaelezwa hivyo kabla hajaanza.

Mawakala wangu bora ni wanafunzi waliomaliza. Mwenye wafuasi wengi Instagram aliniletea maswali mengi na malipo machache. Mshonaji mmoja aliyemaliza kundi la pili huwaonyesha wenzake daftari lake la mapato, ukurasa kwa ukurasa, nao wanalipa. Hata hivyo nawakataza wote, yeye akiwemo, kumwahidi mtu kiasi cha faida. Aliyeahidiwa laki tano kwa mwezi atakudai wewe, hatamdai wakala.

Usikubali pia kumlipa mtu kwa kuleta mawakala wengine, hasa kama wanatoa kiingilio. Nimeshaletewa wazo hilo mara mbili. Wakitoa kiingilio, huo ni upatu wa piramidi, wa mwanzo wanalipwa kwa pesa za wanaoingia nyuma, na Tanzania ni kosa la jinai.

Ukilazimika kushusha kiwango, toa taarifa mapema, na kila aliyekwisha andikishwa ahesabiwe kwa kiwango cha zamani hadi amalize awamu zake. Niliposhuka kutoka asilimia 50 hadi 20 niliwapigia mawakala mmoja mmoja, nikawasomea hesabu ile ya 35,000. Wawili wakaacha. Mmoja aliyebaki alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza: "Sasa mwalimu, siku zote hizo ulikuwa unakula nini?"