Kabla ya kumhukumu fisi, chuna shingo ya mbuzi

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nafuga Simanjiro, na boma letu ni la miiba. Juzi usiku tulipoteza mbuzi saba: sita tumewakuta zizini wamekufa lakini hawajaliwa, mmoja hayupo kabisa. Alfajiri tukaona fisi wawili wakizunguka. Muuzaji wa dawa mnadani ananishauri nipake dawa ya wadudu kwenye mizoga niwamalize. Niweke kiasi gani ili mbwa wangu wasidhurike?

JIBU: Hicho kiasi hakipo, ndugu yangu. Sumu ya kumwangusha fisi mwenye kilo 50 itamuua mbwa wa kilo 20 mapema zaidi. Aliyekuuzia wazo hilo anataka kuuza chupa.

Tena, kwa maelezo yako, fisi huenda hahusiki. Kwa kawaida fisi akipata mbuzi humla papo hapo au humburuta, na hula hadi mifupa. Kuua sita, kuwaacha bila kuwala na kubeba mmoja ni mtindo wa chui zaidi. Mbuzi wanapokurupuka ndani ya zizi dogo huendelea kumchokoza chui aue, kisha yeye huondoka na mmoja. Fisi wako pengine walifuata harufu ya damu.

Usiniamini mimi, chuna shingo. Meno ya chui huacha matundu chini ya koo au nyuma ya shingo, na ukichuna utakuta damu nyeusi iliyovilia chini ya ngozi. Damu hiyo huthibitisha kuwa mnyama aling'atwa akiwa hai. Matundu yasiyo na damu iliyovilia ni ya mla mizoga aliyekuja baadaye. Kisha tazama nyayo: za chui ni za mviringo, upana wa sentimita 7 hadi 9, hazionyeshi kucha, za fisi zinaonyesha kucha butu, na mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Duma naye huacha alama za kucha, ila yeye huwinda zaidi mchana. Piga picha ukiweka kiberiti kando ya unyayo, na kagua miti yenye panda iliyo karibu, maana chui huweza kupandisha windo lake huko.

Kinachoudhi zaidi ni imani kwamba sumu hupunguza fisi. Kwenye mzoga wanaotangulia mara nyingi ni tumbusi, kwa kuwa huona kutoka juu mchana, nao hula kwa kundi. Nchini Botswana mwaka 2019, mizoga mitatu tu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi zaidi ya 500. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo pengo hilo halizibiki upesi. Tumbusi mgongo-mweupe amehesabiwa tangu 2015 kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wakiisha tumbusi, mizoga hukaa siku nyingi zaidi nyikani, ikiwaalika fisi, bweha na mbwa wanaozurura. Na fisi uliowaua huacha eneo wazi, wengine wakahamia. Umelipa pesa ukajiongezea wageni.

Tatizo lako ni ua. Miiba ya migunga hukauka, hulala na kuacha mianya. Chui huruka juu yake, fisi huchimba chini. Panda nguzo hai za miti ya jamii ya mmanemane mwanzoni mwa mvua, maana vipande vyake hushika mizizi, kisha funga seng'enge ya wavu kuzunguka, kimo cha mita 2 au zaidi, ukizika sentimita 30 ardhini. Mbuzi na wana wao wawe na zizi la ndani lenye paa, kwa sababu chui anaweza kupanda hata ua mrefu. Lango ndipo wengi hushindwa: ukijenga ukuta mzuri ukaziba mlango kwa tawi la mwiba, hujajenga. Simanjiro uwe macho zaidi wakati wa mvua, nyumbu na pundamilia wanapotoka Hifadhi ya Tarangire na simba wakiwafuata.

Taa zinazomulika husaidia pamoja na ua na mbwa. Zikiachwa peke yake mahali pamoja, wanyama huzizoea. Wanaozindika zizi kwa dawa za kienyeji wanakula pesa yako bure, na muuzaji wa sumu ni mbaya kuliko wao, kwani dawa yake inafanya kazi, ila kwa wasiohusika. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 inakataza kuua wanyamapori kwa sumu.

Funika mizoga kwa turubai na umwite mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori siku hiyo hiyo; bila ushahidi hutapata kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa hasara iliyoletwa na wanyamapori. Na kama jirani ameshatia sumu, usiguse mzoga kwa mikono mitupu, zuia mifugo na watoto, na nyama ya mnyama aliyefia hapo isiliwe. Mtu akianza kutokwa mate mengi, kutetemeka au kushindwa kupumua, mkimbize hospitali na uchukue pakiti ya hiyo dawa.