Usishinde bila maji kazini kwa kuogopa choo, mimi ilinilaza hospitali

Acha mpango huo leo hii. Umeandika kwamba Jumatatu unaanza kazi, hujui uingie choo cha wanawake au cha wanaume, na umeamua hutakunywa maji tangu asubuhi ili usilazimike kuchagua. Mimi niliishi hivyo miezi saba, nikamaliza na siku sita hospitalini, dripu mkononi.

Mimi ni mwanamke transi, yaani nilizaliwa nikaitwa mvulana lakini ni mwanamke. Nilipoanza kazi, mkubwa wangu mmoja katika kikundi chetu cha watu transi, niliyemwita dada na kumwamini kuliko ndugu zangu, aliniambia: "Bana tu, mdogo wangu. Kibofu kitazoea." Kibofu hakizoei! Na hasira naye bado ninayo, kwa sababu yeye alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwake, choo kiko hatua kumi kutoka mezani.

Nilikuwa nakunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri, basi, hadi saa moja usiku. Mwezi wa pili mkojo ukaanza kuunguza. Nikameza vidonge vilivyokuwa vimebaki nyumbani, ukapoa, ukarudi. Mwezi wa saba niliamka natetemeka kwa homa, kiuno upande wa kulia kinachoma, natapika kila kitu. Maambukizi yalikuwa yamepanda kutoka kibofuni hadi kwenye figo. Daktari akanieleza kwamba mkojo wenyewe ndio unaosafisha njia: usipokunywa, na kidogo kilichopo ukakibana, bakteria wanapata nafasi ya kuzaliana humo humo. Kisha akauliza natumia dawa gani. Nikamtajia spironolaktoni, ambayo wengi wetu tunaitumia kuzuia homoni za kiume. Akashtuka. Dawa hiyo inakukojoza huku ikizuia potasiamu isitoke mwilini. Ukishinda na kiu juu yake, figo zinaelemewa, na potasiamu ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kama na wewe unaitumia, rudia kusoma hapo.

Wala hatuko wawili tu. Marekani mwaka 2015 walihojiwa watu transi 27,715. Asilimia 59 walisema katika mwaka ule walikwepa vyoo vya umma kwa kuogopa kusumbuliwa, asilimia 32 walijinyima chakula au maji ili wasihitaji choo, na asilimia 8 waliugua njia ya mkojo au figo kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo sikiliza: usianze kazi kabla hujakijua choo chako. Nenda siku moja kabla, zunguka jengo zima. Tafuta choo cha mtu mmoja, mlango unaofungwa kwa ndani, hata kama kiko ghorofa nyingine au jengo la jirani. Hesabu dakika za kwenda na kurudi. Halafu kojoa kila baada ya saa tatu, uwe umebanwa au hujabanwa. Mimi nimeweka kengele kwenye simu na sijawahi kuizima. Bosi akinuna, mpe barua ya daktari inayosema dawa unazotumia zinakulazimu kwenda chooni mara kwa mara. Inatosha, huna deni la kumsimulia maisha yako.

Uliuliza pia kuhusu chumba cha kubadilishia nguo na jina kwenye kitambulisho. Sare ivalie nyumbani. Hilo la kitambulisho wapo humu wanaolijua kuliko mimi. Chupa ya maji unayo? Jumatatu isibaki nyumbani.